Kiberenge Kilichopambwa Kambi ya Mwisho

Mwaka 1938 karakana ya reli ya Tabora ilikuwa na viberenge viwili vya mota. Kimoja kilikuwa cha mkaguzi wa njia, Mwingereza, na hakuna Mwafrika aliyekikalia isipokuwa kukisafisha. Cha pili kilikuwa na viti vya mbao tupu, injini yake ilikohoa asubuhi kama mvuta kiko, na dereva wake alikuwa Damas Masolwa. Kwa miaka saba mfululizo, kila tarehe ishirini na nne Desemba, Damas alikipamba.

Kiberenge hakikuwa kitu kikubwa. Ni kigari cha wazi cha magurudumu manne, kinachokimbia juu ya reli kama gari-moshi, lakini chepesi kiasi kwamba wanaume sita wanaweza kukinyanyua na kukiweka kando treni ikija. Mkewe Damas, Apolinaria, ndiye aliyekata mapambo: minyororo ya karatasi laini ya manjano, buluu na kijani, aliyoigundisha kwa uji wa muhogo. Nyekundu hakuithubutu. Kwenye reli kitu chochote chekundu mbele au nyuma ya chombo ni amri ya kusimama, na hata maua ya mkrismasi, ambayo mwezi huo huwaka mjini kote, aliyafunga ubavuni tu.

Safari yenyewe ilikuwa ya kazi. Desemba ni mvua. Maji hula tuta, na watu wa magenge wanaoitunza njia hawaruhusiwi kuiacha hata siku moja. Hawawezi kuja kanisani Tabora kwa Noeli. Kwa hiyo mkaguzi alikubali kwamba Damas, akipeleka hadi Kaliua chumvi, mafuta ya taa na misumari ya mataruma, yaani mihimili inayolaliwa na reli, ampakie pia katekista Raymundi pamoja na sanduku la pango: Mtoto, Mama, Yosefu, ng'ombe mmoja na punda asiye na sikio, wote wa udongo. Kila genge walisimama, sanduku likafunguliwa, sala ikasaliwa, wakaendelea.

Damas alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache, na alitembea na saa ya mfukoni ya Reli yenye namba nyuma. Chombo hakiingii njiani bila kibali, yaani karatasi ya stesheni masta inayosema njia ni yako kutoka saa fulani hadi saa fulani. Katika miaka kumi na mitano ya udereva Damas hakuwahi kupitiliza kibali hata kwa dakika moja. Karani wa stesheni alikuwa akisema kwamba saa ya ukutani ikisimama, mtu angoje tu Damas apite.

Mtu mmoja hakuwahi kutoka kukitazama kiberenge cha Noeli, naye ndiye ambaye Damas alimtaka akione. Alikuwa baba yake.

Mzee Masolwa aliishi Igalamilo, kijiji kilicho kati ya Usoke na stesheni inayofuata. Nyumba yake ilikuwa karibu na reli kiasi kwamba mtu akiita kutoka kwenye tuta anasikika uani. Kabla ya reli alikuwa kirangozi. Alitangulia mbele ya msafara, akiongoza mamia ya wapagazi kutoka Unyanyembe hadi pwani na kurudi, akijua maji yako wapi na chifu gani amekasirika. Kisha, mwaka 1912, reli ikafika Tabora. Mwaka huo Masolwa alirudi nyumbani akiwa na nguvu zake zote na hakuwa tena na mahali pa kuongoza mtu. Mwaka huohuo Damas, mwenye umri wa miaka kumi na mitano, alikwenda kuandikwa kazi ya kubeba kokoto za reli kuelekea Kigoma.

Hawakugombana. Mtoto alipokuja kusalimu, mzee aliitika. Chakula kilipoletwa, walikula sahani moja. Lakini baba hakumwuliza mwanawe swali lolote kuhusu alikotoka wala anakokwenda, na hakukanyaga reli wala kuitazama. Kiberenge kilipopita Noeli, watu wa Igalamilo walitoka wote, wakapunga mikono. Mlango wa Masolwa ulibaki umefungwa. Miaka saba Damas aliutazama mlango huo ukimpita upande wa kushoto.

Tangu mavuno ya mwaka ule mzee alikuwa akikohoa. Damas alimpelekea dawa ya hospitali, akaambiwa ameinywa, akaikuta darini haijafunguliwa. Alirudi Tabora akimwambia Apolinaria kwamba hatamani tena kupewa maneno; anatamani mzee asimame kando ya njia mara moja, amwone anakuja. Alisema mara moja na hakurudia, lakini Apolinaria hakulisahau neno hilo. Ni yeye aliyemsukuma aende mtaa wa Mtendeni kwa Swaumu.

Swaumu alikuwa dada yake Masolwa. Aliolewa mjini zamani, akasilimu, akafiwa, na sasa alikaanga vitumbua barazani kwake. Damas alimkuta mbele ya kikaango.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Umekonda, Damas. Huyo mkeo anakulisha karatasi?”

Damas alikaa kwenye kibao akamweleza. Swaumu aligeuza vitumbua kwa kijiti huku akisikiliza. Alikuwa amelala siku mbili kwa kaka yake baada ya msiba mmoja wa Igalamilo, na kumbe jambo hilo walilizungumza. Mzee aliijua tarehe. Aliijua hata saa. Swaumu alimwuliza mbona hatoki nje kumwona mtoto, naye akajibu: nitoke nimwone nani, mtu anayepita kama aliyeiba mbuzi?

Damas aliumia. Alisema kwamba hupunguza mwendo, hupiga honi, hupunga mkono. Zaidi ya hapo kibali hakimruhusu. Swaumu alisema si mwendo tu. Kaka yake aliwahi kuchungulia kwenye upenyo wa ukuta, mwaka mmoja au miwili, na alichokiona ni matambara. Karatasi zimelowa, rangi zimechuruzikiana, majani yamekauka kwa upepo, na mtu katikati amejaa masizi.

“Kwani hicho kidude mnakipambia wapi?”

“Karakana. Hapa hapa Tabora, alfajiri.”

Swaumu aliepua kikaango, akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. “Basi watu wa reli hamna kwenu,” alisema. “Nani anajipamba anakotoka? Mtu anajipamba kambi ya mwisho.”

Kisha alimweleza, na Damas, aliyezaliwa katika nyumba ya kirangozi, aliona aibu kuelezwa. Msafara ulitembea miezi mitatu katika vumbi na hakuna aliyejali sura yake. Lakini ulipobakiza mwendo mfupi kufika nyumbani, ulitua. Watu waliogea kwenye kijito, wakanyoana, wakafungua mizigo yao wakatoa nguo mpya na shanga, wakafunga njuga miguuni. Kirangozi alivaa ngozi ya mbega kichwani. Ndipo walipoingia, polepole, kirangozi mbele, ili kila mama amhesabu mwanawe. Waliorudi wakiwa wamechakaa, wakapita haraka bila kutua, walikuwa wale waliozika mtu njiani na hawakutaka kuulizwa. Miaka saba Damas aliingia kijijini kwa baba yake namna hiyo, tena akipunga mkono.

Alipoinuka kuaga, Swaumu alimwambia angoje. Alitoka ndani na bunda lililofungwa kwa kitambaa cha marekani kilichogeuka rangi ya chai. Ndani mlikuwa na njuga jozi mbili na ngozi ya mbega ambayo nondo walikuwa wamekwisha kula nusu ya manyoya yake. Masolwa alimwachia vitu hivyo siku alipoambiwa kwamba msafara wake wa mwisho hautaondoka. Alisema, weka. Hakurudi kuviulizia.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne kiberenge kilitoka Tabora bila pambo lolote. Watu wa karakana, waliozoea kuja kukipigia makofi, walisimama wakitazamana. Mmoja aliuliza kwa sauti kama Damas amesilimu. Mwingine alisema hapana, Apolinaria amegoma. Damas alisaini kibali chake, akawasha injini. Mapambo yalikuwa ndani ya pipa la mafuta ya taa lililosafishwa na kufunikwa turubai, na Raymundi, ambaye alielezwa jambo lote usiku uliopita, alikaa juu ya kifuniko kama kuku anayeatamia, sanduku la pango mapajani.

Mvua iliwakuta Mabama ikawaacha kabla ya Usoke. Hapo Damas alimwomba stesheni masta kibali kirefu kuliko kawaida. Stesheni masta, Mhindi mwenye haraka zake, alisema gari-moshi la mizigo liko nyuma ya kiberenge. Anaweza kumpa njia hadi saa kumi kasorobo, si zaidi. Damas alifanya hesabu kichwani. Ilitosha, na dakika kumi za akiba.

Genge la mwisho kabla ya Igalamilo lilikuwa la mnyapara Jilala, maili mbili kutoka kijijini. Jilala alikuwa Msukuma mnene mwenye mzaha, na babu yake naye alibeba pembe hadi pwani, kwa hiyo hakuhitaji maelezo marefu. Sala ilisaliwa mbele ya pango. Kisha watu wa genge, Wakristo na wasio Wakristo, walishuka kwenye kalvati iliyojaa maji ya mvua, wakaosha nyuso, miguu na magurudumu ya kiberenge. Walikata matawi mabichi. Minyororo ya Apolinaria ilitoka pipani mikavu, rangi zake kamili. Damas alivua ovaroli akavaa shati jeupe. Njuga zilifungwa kwenye ekseli, na ngozi ya mbega mbele, juu ya taa. Jilala alirudi nyuma hatua tano, akatazama, akasema kwamba kama ingekuwa bibi harusi angeongeza ng'ombe wawili.

Damas aliendesha hadi kibao cha kijiji, akazima injini. Jilala na watu sita wa genge waliokuja naye walishuka wakaanza kusukuma kwa mwendo wa miguu. Bila kelele ya mota njuga zilisikika vizuri. Raymundi alianzisha wimbo wa Noeli, wanaume wakaupokea kwa sauti nzito na mkanyago usiokuwa wa kanisani, naye akawaacha.

Watu wa Igalamilo walitoka. Kwanza wanawake kutoka kwenye maboga yao, kisha wanaume, wakapanda tuta pande zote mbili. Walipoona hakipiti bali kinakuja, walishusha mikono waliyoinua kupunga. Mlango wa Masolwa ulikuwa umefungwa. Damas aliutazama ukikaribia. Alikuwa ameamua kwamba ukimpita safari hii, hatauangalia tena mwaka mwingine.

Ulifunguliwa kabla hawajaufikia. Mzee alitoka akiwa amejifunika blanketi, fimbo mkononi, akavuka ua, akaanza kupanda tuta. Mtu alitaka kumshika mkono, akamwondoa kwa kiwiko. Alifika juu akakanyaga taruma moja, kisha la pili, akasimama mbele ya kiberenge. Wasukumaji walisimama. Hakumtazama mwanawe. Alishika ngozi ya mbega kati ya vidole viwili.

“Nani kaifunga hii?”

“Mimi, baba.”

“Umeifunga kichwa chini.”

Aliifungua mwenyewe, polepole, akaipiga kwenye goti. Manyoya yaliruka. Aliiweka kichwani, akaishikiza kwa kamba yake ya zamani, akawageuzia mgongo. Akaanza kutembea katikati ya reli.

Hapo ndipo Damas alipotoa saa. Dakika za akiba zilikuwa zimekwisha. Kibali kilibakiza dakika nane. Tuta la Igalamilo ni refu na kando zake ni mteremko mkali. Kiberenge hakiwezi kushushwa popote ila kwenye kiwanja cha mataruma upande wa pili wa kijiji, hatua mia sita mbele. Kwa injini ni dakika moja. Kwa mwendo wa mzee anayekohoa, na kusimama kila baada ya hatua ishirini, hakuna aliyeweza kusema. Na nyuma yao gari la mizigo lilikuwa linakuja.

Raymundi alisogea karibu yake, akanong'ona. “Damas, mwambie mzee akae juu, tumsukume.”

“Mwambie wewe.”

Raymundi alimtazama mzee mgongoni, na hakumwambia. Kila mtu pale alilijua jambo hilo hata kama hakuwahi kulifanya: kirangozi hapitwi. Mpagazi aliyempita hata kwa hatua moja alinyang'anywa upinde wake, akarudishiwa kambini baada ya kuuomba mbele ya wote.

Damas alifunga saa. Alimwita Jilala, akampa bendera nyekundu, akamwambia arudi nyuma hatua elfu moja na mia mbili, asimame katikati ya njia, alisimamishe gari. Jilala aliuliza kama ana hakika. Damas alisema kanuni ya chombo kilichokwama njiani inajulikana. Jilala alisema hiki hakijakwama. Damas alimgeuza bega kuelekea nyuma, na Jilala, licha ya unene wake, alianza kukimbia.

Wakaendelea. Mzee alikuwa na mwendo wake, kisigino kwanza, fimbo ikigusa kila taruma la tatu. Alipokohoa, wote walisimama. Alipoondoka, waliondoka. Kulia na kushoto watu walitembea pamoja nao kando ya tuta, na wanawake wazee walianza kuwataja wasukumaji kwa majina ya baba zao. Saa kumi kasorobo ilipita. Damas aliijua bila kutazama. Dakika chache baadaye filimbi ya gari ilisikika mbali nyuma, ndefu, kisha fupi mbili, kisha kimya. Bendera imeonekana.

Kiwanja cha mataruma walikifikia. Kiberenge kilinyanyuliwa pamoja na mapambo yake kikawekwa kando, na Damas akaashiria kwa bendera ya kijani. Gari la mizigo lilipita taratibu, Jilala amening'inia kwenye ngazi ya injini akitabasamu, na dereva akichungulia nje akisema maneno ambayo katekista alijifanya hakuyasikia.

Lilipopita, Masolwa alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiberenge. Alivua ngozi ya mbega akaiweka gotini. Pumzi ilimchukua muda kurudi. Kisha akamtazama mwanawe, akamwuliza lile swali linaloulizwa mtu aliyefika, ambalo hakuwahi kumwuliza tangu mwaka 1912.

“Habari za njia?”

Swali hilo kwa wasafiri wa zamani halikujibiwa kwa neno moja. Mtu alianza na kambi ya kwanza. Damas alikaa chini kwenye kokoto. Njia haikuwa tena yake, na hakuna kibali kipya ambacho kingemfikia kabla ya gari la mizigo kuingia stesheni ya mbele na Jilala kurudi kwa miguu na karatasi mkononi. Alikuwa na saa moja na zaidi. Alianza na kokoto: karai la kwanza alilobeba, ngozi ya mabega ilivyochunika, Mjerumani aliyehesabu watu kwa filimbi, daraja la Malagarasi. Mzee alisikiliza, fimbo katikati ya magoti. Mara mbili alimkatiza kuuliza maji waliyapata wapi. Raymundi alilifungua sanduku la pango juu ya tofali la udongo, watu wa Igalamilo wakaja kumtazama punda asiye na sikio, na jua likaanza kushuka bila Damas kufika mwaka 1920.

Barua ya mkaguzi ilikuja wiki ya pili ya Januari. Ilimtaka dereva wa kiberenge aeleze kwa maandishi kwa nini alitumia dakika ishirini na nne kupita hatua mia sita za njia nzuri, chombo chake kikiwa hakina hitilafu, na kulichelewesha gari la mizigo. Karani wa stesheni, aliyempenda, alijitolea kumwandikia kwamba pampu ya mafuta iliziba. Damas alikataa; pampu ilikuwa nzima, na aliitunza mwenyewe.

Alikaa na ile karatasi jioni nzima, Apolinaria akimtazama. Alijua hawatamwachia kiberenge, na kweli hawakumwachia. Tangu Februari alihamishiwa toroli la kusukuma kwa mikono, na hapo alibaki mwaka mzima. Ngozi ya mbega ilikuwa Igalamilo, ukutani kwa mzee, na dawa ya hospitali, alivyoambiwa, sasa ilikuwa nusu chupa. Mwishowe aliandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi zimepangwa kama mataruma, jibu la mstari mmoja ambalo mkaguzi alilisoma mara mbili kisha akalitia jalada bila kuuliza zaidi:

“Bwana, mbele yetu alikuwako mwenye njia, anakwenda kwa miguu.”